Dhiraa Moja ya Mwanga

Mwanga wa nchi yako ulinipokea kwa kofi. Nilishuka ngazi za ndege, mguu wa kwanza, mguu wa pili, nao ukanizaba usoni bila salamu, mwanga mweupe, mwanga mkali, mwanga usiojua nani mgeni nani mwenyeji. Nikafumba macho. Nikasimama palepale nimefumba macho mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa.

Kumbe huku ndiko ulikokuwa, Pindo. Miaka kumi na mmoja nilikuwaza kivulini, kwa sababu kivulini ndiko nilikokuona mara ya mwisho, chini ya bati la karakana yetu, umebana pini tatu mdomoni. Sikuwahi kukuwaza juani.

Acha niseme mapema, nisije nikajifanya mwema: mkobani mwangu nilikuletea ugomvi. Ulikuwa ugomvi mdogo, ukubwa wa kiganja, kipande cha kitambaa cheupe chenye herufi tano za uzi mwekundu. Nilikuwa nimeupanga tangu uliponiita, njia nzima. Nitafika, nitakaa, nitakunywa maji, kisha nitakitoa nikitupe mezani kwako na kusema, chukua chako.

Lakini ulikuja mbio kunipokea, umevaa kofia pana kama sinia, na kabla sijaukunja uso vizuri ukapaza sauti mbele za watu.

"Mkasi! Mbona umenenepa hivyo?"

"Na wewe mbona umeungua hivyo?" nikakujibu. Na mkono wangu, msaliti mkubwa, ukakukamata shingoni ukakataa kukuachia.

Sisi tulikuwa wawili wa mwalimu mmoja. Fundi wa mahema, mtu mkali wa maneno machache, ndiye aliyetufundisha kazi na ndiye aliyetupa majina. Mimi aliniita Mkasi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa kukata, kitambaa na maneno. Wewe alikuita Pindo, kwa kuwa hukuweza kuuona ukingo unaning'inia nyuzi ukaupita. Ulikuwa unakunja na kushona hata tambara la kupangusia mafuta ya cherehani.

Futi hakuitaka hata kuisikia. Futi, alituambia, imetengenezwa na mtu asiyekijua kitambaa chako. Akaulaza mkono wake mezani, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu, nasi tukaupima kwa kamba za pamba, fundo kwa kila dhiraa, mafundo kumi na tano yako, mafundo kumi na tano yangu. Mkono mmoja, kamba mbili. Tukaapa kwamba hatutapima kwa kitu kingine maisha yetu yote. Tulikuwa wasichana, viapo havikutugharimu.

Na turubai halikunjuliwi na mtu mmoja. Mmoja huenda huku, mwenziwe huko, kitambaa kinainuka katikati na kuwaziba, hamuonani tena, mnaitana tu. Umeshika? Nimeshika. Basi vuta. Maneno hayo tuliyasema mara nyingi kuliko salamu. Umeshika? Nimeshika. Siku tuliyofungua karakana yetu wenyewe, tukatundika juu ya mlango lebo ya uzi mwekundu, Mkasi na Pindo, wewe ukiwa juu ya ngazi na mimi chini nikiizuia isiyumbe, uliniuliza hivyohivyo.

Halafu ukaondoka, kwa miaka miwili tu, ulisema. Miwili ikawa minne. Siku moja ya mwaka wa nne, nikiwa peke yangu na turubai la lori, nikaishika ncha, nikaita kwa mazoea: umeshika? Karakana nzima ikaninyamazia. Nikapanda ngazi, nikaiteremsha lebo, nikaikata vipande viwili.

Upande wako nikautia kwenye kopo la vifungo. Upande wangu nikaurudisha mlangoni ulivyo, Mkasi na, basi, umeishia hapo. Tangu siku hiyo kila mteja mgeni ananiuliza, Mkasi na nani? Nawajibu, Mkasi na shughuli zake, ingia ndani.

Hicho ndicho nilichokuletea, Pindo. Kutoka kopo la vifungo hadi ng'ambo ya bahari.

Chumba chako kiko juu kabisa, ngazi themanini na mbili. Nilizihesabu, maana kila moja niliilaani. Kitanda kimoja, cherehani dirishani, bahari yote ikichungulia kwenye cherehani. Sakafu umeisugua mpaka nikaona haya kuikanyaga. Nje ya dirisha umening'iniza turubai dogo la kijani kujikinga na jua la mchana, na kwenye msumari, karibu na taa, ilikuwepo kamba yako. Mafundo kumi na tano, nyeupe pe!

"Wee, unaifua?" nikauliza.

"Ikichafuka nisiifue kwa nini?"

Nikaitoa yangu. Ilikuwa na rangi ya chai, imekunywa jasho la miaka yote hiyo na haijaonja sabuni hata siku moja. Ukaishika kwa vidole viwili, umekunja pua. Tukacheka. Mafundi wawili wazima, tunaojua fika maji yanaifanya nini pamba, tukacheka tukanywa chai, wala hapana aliyefikiri zaidi ya hapo. Na ule ugomvi wangu nikaona nitautoa kesho, nikishapumzika.

Kesho yake ukanipitisha barabara ya ufukweni. Jua limesimama wima, maduka yamejipanga, na mbele ya kila duka kivuli kimekunjuliwa, kivuli cha buluu, kivuli cha milia, kivuli cha rangi ya mchanga. Ukawa unanyoosha kidole.

"Lile langu. Na lile. Na lile la milia, nililishona nina homa."

Mtaa mzima, Pindo! Mtaa mzima umekaa chini ya mikono yako, unauza, unakula, unapiga soga, na hakuna anayejua. Nikaanza kulitafuta jina lako. Nikatazama kona baada ya kona, nikainua hata ukingo wa turubai la muuza miwani mpaka akanitolea macho. Kila kona ilikuwa na jina moja, jina la mwenye karakana uliyemfanyia kazi miaka kumi na mmoja.

"Yeye husema mimi ni mkono tu," ukaniambia.

"Mkono wa nani?"

"Wake," ukasema kirahisi, kama mtu anayetaja saa.

Wewe ulikuwa umezoea. Mimi sikuzoea na sikutaka kuzoea. Hasira niliyoisafirisha umbali wote ule kwa ajili yako ikageuka njiani, ikamtafuta yule mwenye karakana.

Hapo ndipo uliponieleza kilichokufanya uniite. Mwezi mmoja nyuma uliiacha karakana ile. Matroni wa zahanati ya mtaani kwako alikuwa amekiona kile kivuli kidogo cha dirishani, akauliza ni kazi ya nani. Akakupeleka uani kwake, akakuonyesha.

Na mimi ukanipeleka, nikaona. Ua mkubwa wa saruji kati ya kuta mbili ndefu, mabenchi ya chuma yanayochoma paja. Kina mama wamekaa tangu asubuhi na watoto wa kupimwa uzito na kuchanjwa, wanasogea na kivuli cha ukuta, wanasogea, wanasogea, mpaka adhuhuri kivuli kinakuwa chembamba kama fagio na wao wamebanana ukutani. Watoto wamefunikwa nyuso kwa kadi za kliniki.

Sharti la Matroni lilikuwa moja. Turubai likae wiki nzima bila kulegea wala kuchanika, na kazi itakuwa yako, na nyua nyingine mbili za zahanati zitakuwa zako, na kwenye kona litakaa jina lako. Likishindwa, atamwita yule mwenye karakana. Nawe ungerudi kwake umeinamisha kichwa, kama angekupokea.

"Turubai hili halishikwi na mtu mmoja," ukaniambia.

Nilitaka kusema, kwa hiyo unanikumbuka ukikosa wa kushika ncha. Nililimeza neno hilo. Likakaa kooni.

Vipande viwili, ulipanga, kimoja kutoka ukuta wa mashariki, kimoja kutoka ukuta wa magharibi, vikutane juu ya waya uliovutwa katikati ya ua. Niache nipime mimi, nikasema kwa mbwembwe zangu zote. Nikapanda, nikatandaza kamba yangu ya rangi ya chai kutoka ukutani hadi kwenye waya, nikapiga kelele: "Kumi na nne na nusu!" Upande wa pili vilevile. Kina mama wakapiga makofi, sijui kwa nini, nami nikainama kuwashukuru.

Tukaenda kukata juu ya paa bapa la jengo lenu. Nikaitoa kamba yangu.

"Weka mbali hiyo, itachafua kitambaa," ukasema. Ukaleta yako.

Siku tatu tulishona. Siku tatu za uzi mnene na sindano ya moto, wewe kwenye cherehani, mimi nikilisukuma turubai lipite, bahari ikimeremeta pembeni mpaka nikaipa kisogo. Umeshika? Nimeshika. Vidole vikaota malengelenge. Umeshika? Nimeshika. Ulianza kuimba nyimbo zako zisizo na maneno, nami nikasahau kwamba nilikuwa na kitu mkobani. Nilikuwa na furaha, nakiri, na nilikasirika kwamba nina furaha.

Siku ya nne tukalipandisha. Matroni akasimama mlangoni amekunja mikono. Kina mama wakainua vichwa. Wewe upande wa magharibi, mimi mashariki.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Vuta!"

Nikavuta. Ukavuta. Kitambaa kikakaza, kikalia, kikagoma. Vuta zaidi. Nikavuta mpaka mabega yakapiga kelele. Turubai lako halikufika kwenye waya. Langu halikufika kwenye waya. Kati ya vipande hivyo, kutoka mwanzo wa ua hadi mwisho, mbingu ilibaki wazi.

Matroni akasema maneno mengi, marefu, bila kupumua. Nikakuuliza anasemaje.

"Anasema hajaelewa," ukanitafsiria, na sauti yako ilikuwa imekauka.

Tukashuka. Na pale chini, mbele ya watu wote, badala ya kutafuta kosa lilipo, mimi nikalitapika lile neno lililokaa kooni. Nikakwambia, miaka kumi na mmoja, Pindo! Niliita nikanyamaziwa! Nilishika ncha peke yangu kwenye karakana tuliyoijenga wawili, nawe uko huku unaota jua!

Hukupiga kelele. Ningeona nafuu kama ungepiga kelele.

"Na mimi je?" ukaniambia. "Unadhani huku nilikuwa nashikiwa na nani? Ncha ya pili nilikuwa naifunga kwenye mguu wa meza. Miaka yote hiyo, Mkasi. Nafunga, naenda upande wa pili, navuta, narudi, nafungua."

Nikaiona meza. Nikakuona unakwenda na kurudi.

Nikafanya nilichoweza. Nikaitoa kamba yangu mfukoni, nikaitandaza sarujini. Ukaielewa mara moja, ukaleta yako, ukailaza kando. Fundo la kwanza kwa fundo la kwanza, sawa. Fundo la pili, yako ilikuwa nyuma kidole kimoja. La tatu, vidole viwili. Tukazifuata tumepiga magoti, fundo kwa fundo, hadi mwisho, na ule mkono mmoja wa Fundi wa mahema ulikuwa umekuwa mikono miwili.

"Mungu wangu," ukasema. "Imerudi. Maji yameifupisha."

"Nani duniani anafua kamba ya kupimia?"

"Nani duniani hafui kamba miaka kumi na mmoja?"

Nilipima kwa kamba chafu, wewe ukakata kwa kamba safi, na kati ya uchafu wangu na usafi wako tulikuwa tumepoteza dhiraa moja na vidole vitano. Wa kwanza kucheka ulikuwa wewe. Nikafuata. Tukacheka mpaka tukakaa chini, mpaka kina mama wakacheka nasi bila kujua wanachekea nini, na mtoto mmoja akaamka akalia kwa ghadhabu.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Cha rangi ile kingekuja baada ya mwezi, na Matroni asingengoja mwezi. Nikasema basi. Wewe ulikuwa umeshika ukingo wa kipande chako, unaupitisha kati ya vidole, taratibu, taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya tangu usichana.

"Huu si upungufu," ukasema. "Huu ni ukingo. Tuupinde."

Tukaupinda mara mbili, huku na huku. Tukatoboa matundu, tukayavika pete za chuma. Tukapitisha kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo, huku na huku, kama mtu afungavyo kiatu, tukakaza, na vipande vile viwili vikashikana bila kugusana. Matroni akaja, akatazama juu, akahutubia tena.

"Anasema wiki ni ileile," ukanitafsiria.

Kamba nene nayo ikatuishia, matundu tisa kabla ya mwisho. Usiniulize tuliipima kwa kamba gani. Tukatazamana. Nikaitoa ya rangi ya chai, ukaitoa nyeupe, tukaziunga. Lakini mafundo yalikataa kupita matunduni.

Basi tukakaa kwenye benchi tukayafungua. Mafundo thelathini, kwa kucha na kwa meno, mafundo yaliyokazwa na wasichana wawili mbele ya mkono wa mwalimu wao. Niliona uchungu, nakwambia wazi. Kila lililofunguka nilihisi kama namuaga mtu. Ulipofika fundo lako la mwisho ulilishika kidogo, kisha ukaliachia. Kamba zikabaki na mikunjo, zinakumbuka, lakini zikapita.

Upepo ulikuja siku ya tano ya wiki hiyo, adhuhuri, bila hodi. Ulitoka baharini umebeba mchanga, ukagonga madirisha, ukageuza viti, na sisi tulikuwa palepale uani, chini ya turubai, kati ya kina mama arobaini. Nikaliona limevimba. Nikakushika mkono. Limevimba, limevimba, kamba zimelia, waya umelia, Matroni ametoka mbio. Halafu upepo ukaiona ile njia tuliyouachia. Ukapanda, ukapita katikati ya kamba, ukaenda zake mbinguni. Turubai likashusha pumzi.

Ukaja tena. Likavimba, likapumua. Ukaja tena, umekasirika, likavimba, likapumua! Mchana kutwa lilipumua juu ya vichwa vyetu na halikuchanika hata mshono mmoja. Kina mama wakaanza kulihesabia, wakipaza sauti kila likishuka, na mimi nikapaza pamoja nao kwa lugha nisiyoijua.

Ulipotulia tukatoka kutazama mtaa. Turubai jipya la hoteli, lililoshonwa na yule mwenye karakana baada ya wewe kuondoka, zuri, limezibwa kila upande, lilikuwa limeng'oka zima na kukaa juu ya paa la jirani, jina la kona likitazama juu. Sikucheka. Nasema kweli, sikucheka mpaka tulipokata kona.

Matroni hakungoja wiki iishe. Alitukuta uani, akasema maneno mawili tu. Na safari hii wewe ndiwe uliyechukua muda mrefu kunitafsiria, kwa sababu ulikuwa unalia.

"Amesema nini? Pindo, amesema nini?"

"Amesema, weka jina."

Hukuwa na lebo. Ulifikiri utaandika kwa rangi, siku moja, ukipata. Nikafungua mkoba. Nikakwambia ukweli, kwamba nilikileta nikutupie. Nikakiweka kiganjani mwako, herufi tano za uzi mwekundu, upande mmoja umepindwa vizuri, upande mwingine umechanika nyuzi pale mkasi ulipopita.

Ukakitazama. Ukaugusa upande uliochanika.

"Ulinikata," ukasema.

"Nilikukata."

"Na umekata vibaya, wewe, Mkasi mzima."

"Nilikuwa nalia. Sikuona vizuri."

Ukavuta sindano kwenye ukosi wa gauni. Ukaukunja ule ukingo, mara moja, mara mbili, ukaupinda palepale umesimama, mishono midogo, sawasawa. Nikakutazama ukishona, na miaka yote niliyokuwa nimekukasirikia nikaiona haina mahali pa kukaa tena.

Nitarudi nyumbani, kwenye mlango wangu ulioandikwa Mkasi na. Sitaongeza kitu. Atakayeuliza Mkasi na nani, nitampa kiti, maana jibu lake ni refu, na ninapenda kulieleza. Na nitanunua futi, usimwambie mtu.

Lakini sijarudi bado. Bado ni alasiri ile, na mimi niko chini, naizuia ngazi isiyumbe, kamba ya kona ya turubai mkononi, na wewe uko juu yake, kwenye kona, umebana pini tatu mdomoni. Kina mama wamekaa watakavyo, kila mahali, hakuna aliyebanana ukutani. Watoto wana nyuso wazi.

Na katikati ya ua, kutoka mwanzo hadi mwisho, mwanga umelala chini. Ni uleule, ninaujua, ulionizaba kofi siku ya kwanza. Sasa una upana wa dhiraa moja na vidole vitano, umekatwakatwa na vivuli vya kamba, umelala kimya kama mshono, na unatembea na saa, asubuhi magharibi, jioni mashariki. Mtoto mmoja ametambaa hadi ukingoni mwake, akauweka mkono ndani, akautoa, akautazama mkono wake. Akaurudisha.

Nikainua uso. Safari hii sikufumba macho.

"Umeshika?" nikaita.

Ukatema pini kiganjani.

"Nimeshika," ukasema. "Nimeshika, Mkasi. Vuta."